Kuakisi, kupinda au polaroidi: nuru iliyopolarishwa uitoe wapi?

Kipande cha kioo cha dirisha ni vifaa viwili kwa mkupuo. Kimulike kwa tochi kwa mshazari: sehemu ndogo ya nuru itaakisiwa, sehemu kubwa itapinda na kupenya. Zote mbili hutoka zimepolarishwa, ila hazilingani hata kidogo. Iliyoakisiwa yaweza kuwa safi kabisa, lakini ni haba. Iliyopenya ni tele, lakini imechanganyika. Huo mvutano wa usafi na wingi ndio unaoamua karibu kila kitu pale mwalimu wa fizikia, mwanafunzi wa kidato cha sita au fundi anapotaka nuru iliyopolarishwa na hana bajeti ya kununua kila kifaa kilichomo katika katalogi.

Nitalinganisha njia nne: kuakisi kwenye kioo kimoja cheusi, kupenyeza kwenye rundo la vioo, karatasi ya polaroidi (karatasi ya plastiki inayopitisha mtetemo mmoja wa nuru na kuunyonya mwingine), na prizimu ya kalisaiti, iliyokatwa kutoka kwenye fuwele angavu. Ya mwisho nitaipitia haraka, maana wengi wetu hatutainunua. Mbili za kwanza nitazichimba, kwa sababu ndizo zinazoonyesha upolarishaji unatoka wapi, na kwa sababu husemwa vibaya mara nyingi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno machache. Nuru ni wimbi la umeme na sumaku, na uga wake wa umeme hutetema kwa kukingamana na mwelekeo wa safari. Katika nuru ya jua au ya tochi mitetemo hiyo huelekea kila upande na kubadilika kwa kasi isiyofuatika. Ikibaki mitetemo ya mstari mmoja tu, nuru imepolarishwa. Ukilaza kioo juu ya meza, mitetemo yote inaweza kugawanywa katika aina mbili: wa mlalo, ulio sambamba na uso wa kioo, na wa mwinuko, ulio ndani ya bapa moja na mwale unaoingia na mwale unaoakisiwa. Kioo huzitendea aina hizi mbili tofauti, na humo ndimo siri yote ilimo. Pembe zote nitakazotaja zinapimwa kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso, si kutoka kwenye uso wenyewe. Wanafunzi wengi hukwama hapo kabla hata hawajaanza.

Kioo kimoja cheusi: safi lakini haba

Nuru inapoingia kwenye kioo, uga wake hutetemesha elektroni zilizomo, na elektroni hizo nazo hutoa nuru. Mwale ulioakisiwa ni kazi yao. Lakini elektroni inayotetema haitoi nuru yoyote kuelekea kwenye mstari wa mtetemo wake. Hutoa pembeni tu. Sasa ukirekebisha pembe mpaka mwale ulioakisiwa na mwale uliopinda ndani ya kioo vifanye pembe mraba, elektroni zinazotetema kwa mwinuko zitakuwa zinatetema kuelekea kule kule mwale ulioakisiwa unakotakiwa kwenda. Basi hazichangii chochote. Kinachoakisiwa ni mtetemo wa mlalo peke yake.

Pembe hiyo ni ya Brewster, Mskoti aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1815: tanjiti ya pembe ni sawa na fahirisi ya mpindo, yaani namba inayoonyesha kitu hupinda nuru kwa kiasi gani. Kioo cha kawaida chenye fahirisi 1.5 hutoa nyuzi 56. Maji, 1.33, hutoa nyuzi 53. Almasi, 2.42, hutoa takriban nyuzi 67 na nusu.

Miaka saba kabla yake, mwaka 1808, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyeitwa Étienne-Louis Malus alikuwa Paris, akitazama kupitia fuwele ya kalisaiti mwanga wa jua la machweo uliokuwa ukiakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Fuwele hiyo kwa kawaida huonyesha picha mbili za kila kitu. Alipoizungusha, picha moja ilififia huku nyingine ikikolea, kisha zikabadilishana zamu. Hadi wakati huo jambo hilo lilihesabiwa kuwa la ndani ya fuwele tu, na sasa limeonekana kwenye kioo cha dirisha. Malus ndiye aliyeipa hali hiyo jina lake, na mwaka 1812 alikuwa ameshafariki.

Gharama ya usafi huo ni ipi? Kwenye pembe ya Brewster, uso wa kioo huakisi takriban 15% ya mtetemo wa mlalo na sifuri ya mtetemo wa mwinuko. Kwa kuwa nuru ya tochi ina nusu kwa nusu, unachopata ni kama 7% tu ya nuru iliyoingia. Kwa maji ni haba zaidi: hayafikii hata 4%. Hilo halina dawa kwa kubadilisha tochi peke yake. Utahitaji chumba chenye giza la kutosha, au jua lenyewe.

Kwa upande mwingine, njia hii inasamehe kuliko vitabu vinavyodokeza. Kipimapembe chako kikiwa cha plastiki na mkono wako ukatetemeka, usihangaike. Kwa kioo cha fahirisi 1.5, kwenye nyuzi 50 nuru inayoakisiwa bado imepolarishwa kwa 94%, na kwenye nyuzi 60 kwa 98%. Ukishuka hadi nyuzi 45, kiwango ni 83%. Ukipanda hadi 70, ni 75%. Kwa hiyo kwa onyesho la darasani popote kati ya nyuzi 50 na 60 panatosha. Rangi nazo hazisumbui: fahirisi ya kioo haibadiliki sana kutoka nyekundu hadi zambarau, na pembe husogea kwa chini ya nusu ya nyuzi.

Kuhusu rangi nyeusi ya mgongoni. Vitabu vingi husema ipakwe ili uso wa pili wa kioo usiharibu upolarishaji. Si sahihi sana. Nuru inayoingia kwa nyuzi 56 hupinda na kuufikia uso wa chini kwa nyuzi 34 hivi, na hiyo ndiyo pembe ya Brewster ya nuru inayotoka kwenye kioo kwenda hewani. Uso wa pili, ukiwa sambamba na wa kwanza, nao unaakisi mtetemo wa mlalo peke yake, na kwa kweli unakuongezea nuru. Rangi nyeusi ina kazi nyingine: inazuia mwanga wa meza, ukuta na madirisha usipenye kutoka nyuma na kuchafua unachokitazama. Ipake basi, lakini ujue sababu.

Usitumie kioo cha kujitazamia. Nuru itaakisiwa na fedha au alumini iliyo mgongoni, na metali haina pembe ambayo mtetemo mmoja unazimika kabisa. Utazungusha kichunguzi chako, yaani polaroidi unayotazamia, na kuona badiliko dogo tu. Vitu vinavyofaa ni kioo cha dirisha, kigae kilichong'arishwa, plastiki nyeusi inayong'aa, sinia la maji, hata simu iliyozimwa.

Udhaifu mkubwa wa kuakisi si uhaba wa nuru bali mwelekeo. Miale hukengeuka nyuzi 67 kutoka njia yake ya mwanzo, na ukitaka kuzungusha mstari wa upolarishaji lazima uzungushe kioo, na hapo miale nayo inazunguka chumba kizima. Huwezi kuiweka kwenye benchi iliyonyooka ukaisahau. Kwa kifaa cha kudumu, hilo ni tatizo kubwa kuliko ile 7%.

Rundo la vioo: nuru tele, usafi wa taabu

Turudi kwenye nuru iliyopenya. Kama 15% ya mlalo imeakisiwa, basi iliyoingia ndani ina mwinuko wote na 85% ya mlalo. Imepolarishwa, ndiyo, lakini kwa 8% tu. Jicho lenye kichunguzi litahangaika kuona tofauti. Ndipo likaja wazo la kupanga vioo vingi, ambalo mwanafizikia Mfaransa François Arago alilitekeleza mwaka 1812: kila uso uondoe mlalo kidogo, mwinuko upite bila kuguswa. Ni kama kuchekecha unga mara nyingi kwa chekeche ileile.

Tatizo ni kwamba kinachoondolewa hakiondoki moja kwa moja. Nuru iliyoakisiwa na kioo cha tatu hurudi kukigonga cha pili, ikaakisiwa tena kwenda mbele, na hatimaye sehemu yake hupenya pamoja na nuru njema. Anayehesabu kwa kuzidisha 0.85 mara ishirini atajipatia matumaini makubwa: vioo kumi vitaonekana kutoa upolarishaji wa 92%. Ukiingiza hesabuni hizo safari za kwenda na kurudi, kioo kimoja hutoa 15%, vitano 46%, kumi 63%, ishirini 78%. Ukweli wa mezani hukaa kati ya hesabu hizo mbili, kutegemea upana wa miale na ukubwa wa vioo, lakini mimi hupanga kazi yangu kwa ile ndogo.

63% maana yake nini kwa macho? Ukizungusha kichunguzi kizuri mbele ya rundo la vioo kumi, mahali penye giza zaidi bado pana 22% ya mwangaza wa mahali penye nuru zaidi. Giza halifiki. Kwa onyesho la “tazameni, inafifia” inatosha. Kwa kipimo chochote kinachotegemea kuzimika kwa nuru, haitoshi.

Tena kuna vumbi. Vioo kumi ni nyuso ishirini, na kila alama ya kidole hutawanya nuru na kuvuruga mitetemo. Kioo cha dirisha kina chuma kidogo ndani yake, na ndiyo maana ukikitazama kwa ukingoni ni kijani. Kumi vikipangwa, rangi hiyo inaanza kuonekana. Slaidi za hadubini ni bora zaidi, zina unene wa milimita moja tu na zimesuguliwa vizuri, lakini zikilazwa kwa nyuzi 56 upenyo wake unakuwa mdogo. Utatumia alasiri nzima kuzipanga ndani ya bomba la karatasi ngumu, na bado polaroidi ya bei ya soda mbili tatu itakushinda.

Basi kwa nini nipoteze maneno juu ya rundo la vioo? Kwa sababu kuna kazi ambazo njia hii haina mpinzani.

Ya kwanza ni pale unapotaka nuru ipite bila kupungua. Kwenye pembe ya Brewster mtetemo wa mwinuko hupenya wote, asilimia mia, uso baada ya uso. Leza za gesi hutumia jambo hilo: bomba la gesi hufungwa kwa vidirisha vilivyolazwa kwenye pembe ya Brewster, na nuru inayokwenda na kurudi kati ya vioo vya leza mara nyingi mno haipotezi kitu kwenye vidirisha hivyo, mradi ni ya mwinuko. Ya mlalo hupoteza kila safari na haipati nguvu ya kuendelea. Hapo hukuwa unatafuta upolarishaji, ulikuwa unakwepa hasara, na upolarishaji ukaja bure.

Ya pili ni mionzi ya infraredi. Karatasi ya polaroidi ya kawaida hukoma kufanya kazi huko, na leza ya kaboni dioksidi ya kukatia chuma ingeiunguza kabla hujasema neno. Vipande vya germaniamu havina shida hiyo. Fahirisi ya germaniamu huko ni takriban 4, pembe yake ya Brewster ni nyuzi 76, na kipande kimoja kikihesabiwa kwa namna ileile niliyohesabu vioo hutoa upolarishaji wa karibu 78%. Yaani kipande kimoja cha germaniamu ni sawa na vioo ishirini vya dirisha. Fahirisi ikiwa kubwa, rundo linakuwa fupi.

Jambo moja zaidi ambalo hukosewa: kwa nuru inayopenya hakuna pembe ya ajabu. Nuru iliyoakisiwa hufikia usafi kamili kwenye nyuzi 56 kisha huanza kuchafuka tena. Nuru iliyopenya uso mmoja huendelea kupolarishwa zaidi na zaidi kadiri unavyolaza kioo, ila kila hatua unapoteza mwangaza. Pembe ya Brewster huchaguliwa kwa rundo kwa sababu ya kupita bila hasara, si kwa sababu upolarishaji unafika kileleni hapo.

Polaroidi

Mwaka 1852 daktari Mwingereza, William Herapath, alichunguza fuwele ndogo za kijani zilizotokana na iodini na kwinini, ile ile dawa ya malaria. Fuwele hizo zilinyonya mtetemo mmoja na kupitisha mwingine. Karibu miaka themanini baadaye, mwaka 1929, Edwin Land wa Marekani alipata njia ya kuzipanga fuwele hizo ndani ya karatasi ya plastiki, na mwaka 1938 akaziacha kabisa: alichukua plastiki ya polivinili, akaivuta mpaka molekuli zikalala upande mmoja, akaitia iodini. Polaroidi nyingi tunazotumia leo ni za ukoo huo wa pili.

Hapa hakuna uso wala pembe. Mtetemo unaofuata mstari wa molekuli hunyonywa na kugeuka joto. Unaokingama nao hupita. Nuru inanyooka, karatasi inazungushwa kwa vidole, na mbili zikipishanishwa kwa pembe mraba giza ni giza kweli. Kipolarishi kisicho na kasoro kingepitisha 50% ya nuru ya tochi. Karatasi nzuri hupitisha kama 38%, na zile zinazokusudiwa kuzima zaidi hushuka hadi 32% au 22%. Za bei nafuu zikipishanishwa huacha kivuli cha buluu au zambarau, kwa sababu iodini haikamati vizuri upande huo wa rangi.

Kuzipata si kazi. Kioo cha kikokotoo kilichokufa kina moja mbele na moja nyuma. Fundi wa televisheni ana skrini zilizopasuka ambazo angefurahi kuzipunguza dukani. Miwani ya sinema ya picha zinazojitokeza nayo inafaa, lakini mingi imeundwa kwa upolarishaji wa mviringo: upande mmoja hufanya kazi kama polaroidi ya kawaida na upande wa pili hukuchanganya. Igeuze kabla ya kuitupa. Joto na unyevu ni adui zake, na kwa sisi wa pwani hilo si jambo dogo. Zihifadhi kwenye kopo lililofungwa, mbali na dirisha.

Kasoro yake kubwa kwangu ni ya kiualimu. Karatasi ya kijivu inayozuia nuru haimwonyeshi mwanafunzi chochote kuhusu kwa nini. Pia, haijiandiki mstari wake. Ukiokota polaroidi kutoka kwenye skrini, utajuaje inapitisha mtetemo upi? Jibu lipo sakafuni. Tazama mng'ao wa dirisha kwenye vigae au meza iliyong'arishwa, ukiwa umesimama mbali kidogo, na uzungushe polaroidi. Mng'ao ule una mtetemo wa mlalo. Pale unapofifia kabisa, mstari wa polaroidi umesimama wima. Utie alama kwa kalamu. Kwa maneno mengine, hata mwenye polaroidi anahitaji kuakisi ili aijue polaroidi yake.

Kalisaiti

Prizimu ya William Nicol wa Edinburgh, ya mwaka 1828, hutumia fuwele ambayo mitetemo miwili huikuta na fahirisi mbili tofauti, 1.658 na 1.486. Fuwele hukatwa na kugundishwa tena kwa gundi yenye fahirisi iliyo katikati, na mtetemo mmoja hutupwa pembeni. Ni safi kupita zote na inapitisha karibu nusu ya nuru. Ni ghali, ndogo, na inakwaruzika. Kama unayo kwenye hadubini ya miamba, itunze. Kama huna, usiitafute.

Kwa namba

Kati ya sehemu 100 za nuru ya kawaida inayoingia:

| Njia | Inayotoka | Upolarishaji | Mwelekeo |
|---|---|---|---|
| Kioo cheusi, nyuzi 56 | kama 7 | karibu 100% | hukengeuka nyuzi 67 |
| Rundo la vioo 10 | kama 61 | 63% | hunyooka |
| Polaroidi | 22 hadi 38 | zaidi ya 99% | hunyooka |
| Kalisaiti | chini kidogo ya 50 | karibu 100% | hunyooka |

Mtu anayesoma jedwali hili bila kujua kazi iliyo mbele yake atachagua polaroidi na kuondoka, na mara nyingi atakuwa sahihi. Lakini si mara zote.

Kazi kwa kazi

Kwa somo la kwanza kabisa, chagua kuakisi. Kioo cheusi mezani, dirisha upande wa pili, polaroidi moja mkononi mwa mwanafunzi. Mwache ainame na kuinuka mpaka aipate pembe ambayo mng'ao unatoweka. Ataipata mwenyewe karibu na nyuzi 56, na utakuwa umefundisha Malus na Brewster kwa kipande kimoja cha kioo. Ukiwa na sinia la maji nje, jua lenyewe linakusaidia: pembe ya maji ni nyuzi 53, kwa hiyo jua linatakiwa liwe nyuzi 37 juu ya upeo wa macho. Kwa sisi tulio karibu na ikweta hapa Afrika Mashariki, hilo hutokea takriban saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri. Tazama taswira ya jua majini kupitia polaroidi wakati maji yametulia, kamwe usilitazame jua lenyewe.

Kuna onyesho jingine zuri zaidi, na halihitaji polaroidi hata moja. Kalamu nyingi za leza nyekundu hutoa nuru ambayo tayari imepolarishwa. Ielekeze kwenye kioo kwa nyuzi 56, izungushe kalamu taratibu kwenye mhimili wake, na uangalie doa linaloakisiwa ukutani: litafifia hadi karibu kutoweka, kisha litarudi. Nuru haijaenda popote, imepenya yote. Hapo kuakisi na kupinda vinaonekana kuwa hesabu moja yenye pande mbili. Doa lielekezwe ukutani, chini ya usawa wa macho ya waliokaa.

Kwa kupima fahirisi ya mpindo, fikiri mara mbili. Ukikosea pembe ya Brewster kwa nyuzi moja tu, fahirisi ya kioo itakosea kwa takriban 0.06, na hiyo ni mbaya. Kwa kitu kinachopitisha nuru, fuata mpindo wenyewe kwa pini na karatasi kama ulivyofundishwa. Pembe ya Brewster ina faida pale ambapo nuru haipenyi hata kidogo: plastiki nyeusi, vanishi juu ya mpingo, lami iliyong'arishwa. Huwezi kufuata mwale ndani ya kitu cheusi, lakini unaweza kutazama mng'ao wake ukizimika.

Kwa mmumunyo wa sukari, ambao huzungusha mstari wa upolarishaji, unahitaji giza la kweli ili ujue umezunguka kiasi gani. Gramu 100 za sukari katika lita moja, ndani ya bomba la sentimita 10, huzungusha nuru ya manjano ya sodiamu kwa nyuzi 6.7 hivi. Rundo la vioo lingekufichia nyuzi hizo zote katika ile 22% isiyozimika. Hapa ni polaroidi mbili, au kioo cheusi upande mmoja na polaroidi upande wa pili, na mpangilio huo wa pili ndio ninaoupenda: kioo kikishatulia mezani hakisogei, mstari wake unajulikana bila kutiwa alama, na unazungusha polaroidi tu juu ya kipimapembe.

Kwa kuangalia mkazo ndani ya rula ya plastiki au kifuniko cha kaseti, zile rangi za upinde wa mvua, usibanane na pembe. Unahitaji uwanja mpana, na skrini ya kompyuta iliyofunguliwa ukurasa mweupe tayari ni polaroidi kubwa yenye taa nyuma yake. Weka rula mbele, polaroidi machoni.

Kwa miwani ya mvuvi, nahodha au dereva, uchaguzi ni kati ya miwani ya giza na miwani ya polaroidi, na fizikia ni ileile. Mng'ao wa bahari ya alasiri na wa lami iliyolowa una mtetemo wa mlalo mwingi, kwa kuwa nyuso hizo zimelala. Miwani ya giza hupunguza kila kitu kwa pamoja, samaki na mng'ao. Ya polaroidi, ikiwa na mstari wima, huukata mng'ao na kuacha kilicho chini yake. Lakini kioo cha duka kimesimama wima, na anayekitazama kwa mshazari kutoka barabarani hupata mng'ao wenye mtetemo wa wima, ambao miwani hiyo huupitisha. Alaze kichwa begani, aone bei za ndani. Skrini nyingine za simu nazo huwa nyeusi zikitazamwa kwa miwani hiyo katika pembe fulani. Nahodha anayesoma ramani kwenye simu aijaribu dukani kabla ya kulipa.

Bajeti ikiruhusu kitu kimoja tu, nunua polaroidi moja ya ubora mzuri, wala usigawanye fedha hiyo kwa mbili hafifu. Kazi ya ile ya pili itafanywa na kioo cha milimita nne kutoka kwa fundi vioo, sentimita 15 kwa 20, kingo zimesuguliwa ili zisikate vidole, na mgongo umepakwa rangi nyeusi ya mafuta mara mbili.